Yako Imetoka Positive

Nimeishi na Ngui miaka kumi na tisa, na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Nusu anainywa mezani, nusu mlangoni, kisha kikombe unakikuta juu ya ukuta wa jirani. Kanisani hukaa benchi la mwisho, tena pembeni, wala si kwa unyenyekevu. Mguu wake wa kulia hautulii, na waumini wa benchi la mbele walishalalamika kwa mchungaji. Siku ya kwanza nilipopelekwa kwao Mwala, mama yake aliniambia kwamba huyu alizaliwa kabla mkunga hajafika. Nilicheka. Sikujua kwamba naonywa.

Kazi yake ni ya mifugo. Watu wa Njiru, Ruai na Kayole humwita Daktari, naye huwaambia kila mara kwamba yeye ni msaidizi tu, mwenye cheti cha miaka miwili. Lakini huwaambia akiwa keshapanda baiskeli, kwa hiyo hakuna anayemsikia. Mimi ni karani mjini. Nachapa barua za watu wengine kutoka saa mbili hadi saa kumi na moja jioni, na naweza kukaa kwenye kiti kimoja kutwa nzima bila kuinuka ila kwa chakula. Aliyetukutanisha sisi wawili ama alijua anachofanya, ama alikuwa akijifurahisha.

Ninayoyaeleza yalitokea mwanzoni mwa mwaka wa tisini na saba. Ukame ulikuwa mkali, na makundi ya ng'ombe kutoka mbali yalikuwa yakilishwa kando ya Barabara ya Kangundo, kana kwamba hakuna mji hapo. Kisha ikaja habari kwamba homa ya mapafu ya ng'ombe imeonekana mahali. Huo ugonjwa si wa kuchezea. Ng'ombe anakohoa, anasimama ametanua miguu ya mbele kama mtu anayeumwa na mbavu, na kabla hujamaliza kuuliza ana nini, wa jirani naye ameanza kukohoa. Binadamu haumpati kabisa, na Ngui alilisema hilo kila boma alilopita.

Idara ya mifugo ikawapa yeye na wenzake kipimo cha haraka, cha kufanyia zizini. Vifaa vyenyewe ukiviona utadhani mtu anakwenda kutengeneza bafu: kigae cheupe, vijiti, sindano, na kichupa cha dawa ya rangi ya zambarau ambayo lazima ikae kwenye baridi. Baridi hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwenye chupa yangu ya chai niliyopewa siku ya harusi, ambayo sasa inajazwa barafu na kufungwa nyuma ya baiskeli. Nilinung'unika wiki nzima. Basi unamdunga ng'ombe mshipa wa sikio, unatia tone la damu kwenye kigae, na tone la dawa juu yake, unakoroga kwa kijiti, halafu unakiyumbisha kigae polepole kwa dakika tatu. Damu safi hubaki laini, rangi moja. Damu yenye shaka hukatikakatika kama maziwa yaliyoharibika.

Nasema yenye shaka, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Kipimo hiki ni cha kukuonyesha kama kundi lina tatizo, si cha kumhukumu ng'ombe mmoja. Wengine damu yao hukatika bure tu, bila ugonjwa wowote. Ukiona hivyo, unachukua damu nyingine, unaipeleka maabara, na unangoja majibu wiki mbili.

Sasa hebu fikiria. Ngui, kati ya watu wote wa Jamhuri ya Kenya, ndiye aliyepewa kazi ya kungoja dakika tatu mara arobaini kwa siku.

Njiru kulikuwa na kikundi cha akina mama kumi na wawili, kila mmoja na ng'ombe wake wa gredi, wa maziwa, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Mmoja wao alikuwa Millicent Nabiswa, ambaye wote walimwita Mama Nafula. Mumewe alikuwa kibarua wa kiwandani na alifariki ghafla miaka miwili kabla ya hayo. Tangu hapo ng'ombe ndiye aliyemsomesha Nafula, ndiye aliyelipia chumba, ndiye aliyekuwa mume wa nyumba hiyo, kama Millicent mwenyewe alivyopenda kusema akicheka. Ukuta wa mabati ulimtenga na jirani yake Kavinya, mke wa Mwanzia, dereva wa lori za masafa marefu. Walikuwa marafiki wa kuombana chumvi na kuachiana funguo.

Siku ya zamu yao, Ngui alikuwa amepima ng'ombe tisa, wa Kavinya akiwemo, na wote walikuwa safi. Wa Millicent akawa wa kumi. Millicent mwenyewe alikuwa nje, ameinama kwenye mfereji akisuuza ndoo. Ngui akatoka na kigae kwenye mwanga. Dakika ya pili haijaisha vizuri, akaona damu inakatika. Mtu mwingine angemwendea mwenye ng'ombe, angemwita pembeni, angetafuta maneno. Mume wangu, mguu mmoja ndani ya zizi na mwingine nje, akapaza sauti:

"Mama Nafula, yako imetoka positive!"

Hapa niruhusuni mimi mchapaji niseme neno, maana liliniuma na bado linaniuma. Shuleni tulichapwa viboko kwa jambo hili. Ng'ombe ana uhai, kwa hiyo ni ng'ombe wako, wala si ng'ombe yako. Ngui angesema "wako ametoka positive", hata mtu aliye nyuma ya kuta saba angejua kwamba kinachozungumziwa kinatembea na kinapumua. Lakini nani Njiru husema ng'ombe wako? Huku kwetu ni ng'ombe yangu, ng'ombe yako, mbuzi yake, na maisha yanaendelea. Shida ni kwamba damu nayo ni yako. Na nyuma ya mabati alikuwapo Kavinya akianika nguo, akasikia mwanamume mwenye sindano akimwambia mjane: yako imetoka positive.

Mwaka huo, Eastlands yote, neno hilo la Kizungu lilikuwa na maana moja tu. Tulikuwa tukichanga mazishi kila wiki, na kila marehemu tuliambiwa alikuwa na kifua, au nimonia, au mkono wa mtu. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja. Utaniuliza, kwani Kavinya hakujua kwamba Ngui anapima ng'ombe? Alijua. Lakini yeye aliambiwa tu "iko sawa, mama", na alikuwa hajawahi kusikia mnyama akiitwa positive. Tena mtaani kulishakuwa na uvumi kwamba serikali inapima watu kisirisiri. Akaacha nguo kwenye beseni.

Ngui alichukua damu ya maabara, akaenda moja kwa moja kwa mkubwa wake, Bwana Mulama. Mulama akamwambia asifungue mdomo hadi majibu yarudi. Sababu ilikuwa ya maana kabisa. Watu wakisikia homa ya mapafu imepatikana kwao, hawangoji. Wanauza ng'ombe upesi kwa bei yoyote, wanunuzi wanawatawanya kila upande, na ugonjwa uliokuwa Njiru, kama upo, unalala Machakos kesho. Pia eneo lote lingefungwa, maziwa yasitoke. Ngui aliniambia haya yote akizunguka meza, na mimi nikaapa kunyamaza.

Jumamosi asubuhi Millicent alibisha mlango wetu Umoja. Sikuwa namfahamu ila kwa jina. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kupendeza, na alikuwa amebeba kopo la maziwa lenye lita tano.

"Shikamoo, mama," akanisalimu, ingawa sikumzidi hata miaka mitatu. "Nimewaletea maziwa. Hakuna anayenunua, na siwezi kumwaga."

Ngui akashtuka. "Kwani wamejua habari ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe hawajui. Wanajua yangu."

Akatueleza. Siku ya pili baada ya kupimwa, wateja wake wawili walisema wamepata maziwa kwingine. Siku ya tatu, foleni ya maji ilimwachia nafasi mbele na nyuma. Jioni Nafula akarudi shuleni analia, ameulizwa na mwenzake kama mamake ameandika wosia. Na Kavinya, aliyekuwa akiingia kwake bila hodi, alipitisha kikombe alichokuwa ameazima kwake juu ya mabati akakiachilia kianguke upande wa pili.

Ngui alikuwa ameshavaa kofia. "Naenda sasa hivi. Naenda kuwaambia wote ni ng'ombe."

"Utakaa chini, Daktari," Millicent akasema.

Hakukaa, lakini alisimama, na kwake hilo ni jambo.

"Ukiwaambia ni ng'ombe, Jumatatu hakutakuwa na ng'ombe Njiru," Millicent akaendelea. "Nawajua wenzangu. Wataziuza zote, na zikiwa ni wagonjwa watakuwa wameuza ugonjwa. Zikiwa ni wazima, watakuwa wamejiua bure. Wanawake kumi na mmoja na watoto wao, kwa sababu ya tone moja la ng'ombe yangu. Si ulisema wiki mbili?"

"Wiki mbili. Zimebaki siku kumi."

"Basi wacha waseme ni mimi. Mimi siwezi kuuzwa."

Alicheka aliposema hivyo, na mimi nikaingia jikoni kutafuta chombo cha maziwa, maana nilikuwa nalia na sikutaka mgeni aone. Nilimkasirikia Ngui hasira ambayo sikuwahi kumkasirikia, hata mwaka ule aliposahau mtoto wetu kituoni. Millicent alipoondoka, nilimwambia. Nilimwambia kila kitu, kuanzia haraka yake hadi sarufi yake. Alitoka akafagia uwanja ambao haukuwa wetu.

Siku kumi hizo sitaki kuzirudia. Alirekebisha paa lisilovuja. Alipima joto la yule ng'ombe asubuhi na jioni na kumwekea sikio mbavuni, kilomita nyingi za baiskeli kila safari, na kila siku alirudi akisema hakohoi, anakula, halafu dakika kumi baadaye anasema, lakini hiyo haimaanishi kitu. Alikwenda maabara mara tatu kabla ya siku ya majibu, mpaka mlinzi akamwambia asirudi. Usingizini alikuwa anayumbisha mkono. Na kila jioni alisimama langoni pa Millicent akanywa kikombe kizima cha maziwa hadharani, watu wakimwona, akidhani anamsaidia. Njiru wakasema Daktari ana moyo wa huruma, anamliwaza mgonjwa.

Majibu yalichelewa siku tatu zaidi, yakatoka Ijumaa. Damu ilikuwa safi. Ng'ombe wa Millicent hakuwa na homa ya mapafu wala dalili yake. Lilikuwa ni lile jambo walilofundishwa darasani, la damu kukatika bure. Ngui alinibeba, mimi mwenye kilo zangu, akanizungusha sebuleni.

Kesho yake nilikwenda naye, kwa sababu nilitaka kuuona uso wa Millicent. Kikundi kilikuwa kimekutana katika kanisa la mabati karibu na mto, na Ngui alikuwa amebeba vifaa vyote, awapime ng'ombe mara ya mwisho na kufunga faili. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wamebanana kwenye mabenchi ya mbele. Millicent alikuwa peke yake kwenye benchi la nyuma. Nikaenda nikaketi naye, bega kwa bega.

Ngui hakungoja hata kukaribishwa. "Akina mama, majibu yametoka kwa maabara! Njiru yote hakuna ng'ombe mgonjwa. Hata moja! Zote ni safi!"

Vigelegele vikapigwa. Nilimgeukia Millicent nikitabasamu, nikaona hatabasamu. Aliona kabla yetu sote. Vigelegele vilipotulia, Kavinya akasimama, leso mabegani.

"Tunashukuru Mungu, Daktari. Sasa kama ng'ombe zote ni safi, ile siku positive ilikuwa ya nani?"

Nilimwangalia mume wangu nikaona maana inamwingia polepole. Habari njema aliyokuwa ameibeba kwa baiskeli ilikuwa imemsafisha ng'ombe na kumzika mwenye ng'ombe.

Alieleza. Ee, alieleza vizuri sana, safari hii kwa utaratibu, neno kwa neno: kwamba alisema habari ya ng'ombe, kwamba kigae kilidanganya, kwamba hutokea. Walimsikiliza kwa heshima ile ambayo watu humpa mtu anayesema uongo mzuri kwa ajili ya mgonjwa.

"Daktari, tunakuelewa. Wewe ni mtu mzuri," mmoja akasema kwa upole.

"Si apimwe tena hapa," akasema mwingine. "Kigae si kiko?"

"Hii ni ya ng'ombe!" Ngui akapiga kelele. "Dawa hii haijui watu. Nikiweka damu ya mtu hapa haisemi kitu. Haisemi ni mzima, haisemi ni mgonjwa!"

Millicent akainuka. Akatembea kati ya mabenchi hadi mbele, akanyoosha mkono wa kushoto, kidole cha pili.

"Pima."

"Mama Nafula, nimesema haina maana."

"Umesema, wamesikia. Siku ile hukukawia kusema, Daktari. Leo usikawie kupima."

Ngui alinitazama. Sikumsaidia. Akafungua sindano mpya, akamdunga kidole, akaweka tone, akaweka dawa, akakoroga. Akaanza kuyumbisha. Niliangalia saa yangu ya mkononi kwa sababu sikuweza kuangalia kitu kingine. Dakika moja. Wanawake wameinuka kuona. Dakika mbili. Mguu wa Ngui ulikuwa kimya, na nilitamani sana kumwonea huruma lakini huruma yangu yote ilikuwa kwa yule mwanamke mwenye kidole hewani. Dakika ya tatu ikaisha. Aliongeza nyingine, mwenyewe, bila kuambiwa. Damu ilibaki laini.

"Haijakatika," akasema. "Na narudia mbele za Mungu, haina maana yoyote."

Hilo la mwisho hakuna aliyelisikia. Pumzi zilishuka, mtu akasema "Asante Yesu", wawili wakaanza kumjia Millicent mikono imenyooshwa. Yeye hakunyoosha wake. Alichukua kigae mkononi mwa Ngui, akakipangusa kwa upindo wa leso yake, akawageukia.

"Mimi nimepimwa mbele yenu. Nani anafuata?"

Wale wawili walisimama walipokuwa. Mikono ya wanawake kumi na mmoja ikaanza kupotea, mmoja ndani ya leso, mwingine chini ya mtoto, mwingine kwapani. Walikuwa wametoka kuambiwa mara tatu kwamba dawa ile haijui watu, na hakuna aliyethubutu kuijaribu. Mmoja akakumbuka maharagwe aliyoyaacha motoni. Wa pili akasema atamsindikiza. Wakatoka mmojammoja, wakimpita Millicent kwa pembeni huku wameinamisha vichwa, na kila mmoja alipofika mlangoni alisema jambo lilelile kwa sauti ndogo, kwamba kesho amwekee maziwa.

Kavinya hakutoka. Alikuwa ameketi tena, na nilidhani ni kiburi hadi nilipoona leso imemwanguka na hajaiokota.

"Daktari," akaita. "Hiyo kweli haijui watu?"

"Haijui, mama."

"Sasa inayojua watu iko wapi?"

Akaanza kusema akiangalia sakafu. Mwanzia alikuwa nyumbani tangu kabla ya Krismasi. Lori lilishapewa mtu mwingine. Kutwa anaota jua nyuma ya nyumba akiwa na koti, na akikohoa, Kavinya hufungulia redio ili majirani wasisikie. "Siku ile uliposema lile neno, nilishika kamba ya nguo nisianguke," akasema. "Halafu nikakumbuka ni Mama Nafula umeita. Nilishukuru Mungu. Nilimshukuru kwa sauti, Daktari, kwamba limeenda kwa mwingine."

Kisha akalia, kilio ambacho hakikuwa cha siku hiyo tu.

Millicent alikuwa bado ameshika kigae. Nilingoja amtukane, na ningemuunga mkono. Alikiweka juu ya meza ya mhubiri, akamfunga Kavinya leso iliyokuwa imeanguka, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Masista wa zahanati wanapima," akasema. "Jumatatu saa moja nitakuwa kwa stagi ya matatu. Na usifikirie nimekusamehe, kwa sababu bado."

Jumatatu hiyo Millicent alitoka mapema, giza halijaisha vizuri, akitaka kufika wa kwanza. Alimkuta Kavinya ameshafika kitambo, amevaa nguo zake za kanisani.